Juu ya Kumchagua Wakala wa Kununua au Kuuza Nyumba

Maneno yaliyosemwa na wenzetu wa karakana mbele ya mkutano wa tawi, yakaandikwa hapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa kazini siku ile.



Halmashauri ya tawi imetutaka sisi wa karakana tuseme habari ya mawakala wa nyumba, maana katika muda wa miaka miwili hii wenzetu watatu wamenunua au kuuza nyumba, na wawili kati yao waliumia. Sisi si mawakili, wala hatukusoma sana. Lakini tulikwenda pamoja na wenzetu hao siku za Jumamosi, tukaona kwa macho yetu, tukauliza maofisini, na mengine tukajifunza baada ya fedha kwisha kutoka mfukoni. Hayo ndiyo tutakayowaambia leo.

Kwanza yafaa tukumbushane kwa nini jambo hili latuhusu sana sisi watu wa reli. Baba zetu wengi walikaa katika nyumba za reli, kama zile za Muthurwa na Makongeni, na wengine wetu tulizaliwa humo. Mtu alipewa chumba alipoandikwa kazi, akakirudisha alipoacha kazi. Hakuuliza bei ya nyumba, wala hakujua dalali ni mtu wa namna gani. Mwaka 2006 reli ilipokodishwa kwa kampuni, wazee wengi waliachishwa kazi, wakaondoka na kiinua mgongo mkononi. Sisi tulikuwa watoto wakati ule, lakini twakumbuka. Katika nyumba moja tunayoijua, fedha ya kazi ya miaka 27 ilikwisha yote kwa kununua kiwanja ambacho hakikuwako. Mzee alionyeshwa nyasi, akaonyeshwa na mawe ya mipaka, akalipa. Alipokwenda na mafundi akamkuta mwenye shamba analima mahindi yake.

Siku hizi fedha zapatikana hata kabla ya kustaafu. Tuna vyama vya kuweka na kukopa, na tangu mwaka 2020 sheria imemruhusu mwanachama wa mfuko wa pensheni kutumia mpaka 40 kwa mia ya akiba yake kununua nyumba ya kukaa. Ni jambo jema sana. Lakini mawakala nao husoma magazeti, na wanajua ni watu gani wenye akiba.

Sasa, wakala ni nani? Wakala na wakili ni majina yanayofanana masikioni, na wengine wetu wameyachanganya kwa hasara yao. Wakili ni mtu wa sheria. Yeye huandika mapatano na kuangalia hati. Wakala, ambaye wengi humwita dalali au broka, kazi yake ni kumkutanisha mwenye nyumba na mwenye fedha, basi. Naye hulipwa biashara ikimalizika, na mara nyingi alipwa na muuzaji. Tafadhali tulishike neno hili, maana ndilo lililowaponza wenzetu. Wakala akikupakia katika gari lake, akakununulia soda, akakuita mzee wangu, wewe wadhani ni mtu wako. Kumbe yule anayemlipa ni mwingine, na kwake yeye nyumba ikiuzwa ghali ni vizuri zaidi. Si kwamba ni mtu mbaya. Hata sisi twamtumikia anayetulipa. Ubaya ni kutojua anamtumikia nani.

Mwenzetu wa kwanza alikuwa akitafuta nyumba ya vyumba viwili upande wa barabara ya Mombasa, apate kupanda treni ya asubuhi ya Syokimau. Akaona karatasi imebandikwa juu ya nguzo ya stima: nyumba inauzwa, dakika kumi kutoka stesheni. Akapiga simu. Kijana akaja, amevaa suti, mpole sana, akataka shilingi 1,000 ya kuonyesha. Walipofika, nyumba ya kwanza ilikuwa imekwisha kuuzwa jana yake, ati. Nyumba ya pili mwenye ufunguo hakuwapo, na shilingi 1,000 nyingine zikaenda. Hivyo hivyo mpaka safari ya tano. Zile dakika kumi tulizipima wenyewe baadaye kwa miguu: ni dakika 45, na sisi ni watu tuliozoea kutembea juu ya mataruma.

Nyumba ya tano ilikuwa nzuri kweli. Ina saruji safi, tangi la maji, na mahali pa kupanda sukuma wiki. Mwenzetu aliipenda, na uso wake ulionyesha. Ndipo kijana akashusha sauti, akasema yuko Mkenya mmoja wa Marekani atakayetuma fedha zote kesho asubuhi. Lakini kwa kuwa mzee nimekupenda, leta 50,000 za kuishikilia nyumba. Fedha zikatumwa kwa simu, kwa namba ya kijana mwenyewe. Hakukuandikwa karatasi yo yote. Jumatatu simu ya kijana haikupatikana.

Tulikwenda pale watu watano na ovaroli zetu, tukamwuliza mlinzi wa lango. Mlinzi akashangaa. Akasema nyumba ile haiuzwi hata kidogo. Mwenyewe yuko Eldoret na mpangaji anahamia mwisho wa mwezi. Basi wewe wawafungulia watu kwa nini? Akasema, wazee, mimi hupewa 200 kila nikifungua, na mshahara wangu mnaujua. Hatukuwa na la kumjibu. Yule kijana tulimpata mwezi wa pili yake, kwa kupiga simu kwa namba nyingine na kusema twatafuta nyumba. Alirudisha 20,000. Zile 30,000 na zile 5,000 za kuonyeshwa hazijarudi mpaka leo.

Ndugu zangu, katika kazi yetu dereva haingii katika njia moja bila ruhusa. Hata rafiki yake akimwambia kwa mdomo kwamba mbele ni kweupe, haendi. Kwa injini ambayo si mali yetu tuna hadhari namna hiyo. Kwa fedha za watoto wetu twakwenda kwa maneno ya mdomo ya mtu aliyebandika karatasi juu ya nguzo.

Ruhusa ya wakala ni barua ya mwenye nyumba. Hilo ndilo jambo la kwanza tunalouliza siku hizi, kabla hatujapanda gari lake. Barua iseme kwamba mimi fulani, mwenye nyumba hii, hati yake namba fulani, nimemruhusu fulani kuniuzia, kwa bei hii, mpaka tarehe hii, na itiwe sahihi. Wakala wa kweli anayo na haoni haya kuionyesha. Asiye nayo atakasirika, au atacheka, au atasema mambo hayo ni ya wazungu. Wengi walitucheka. Tulipogeuka kwenda zetu, wawili walitukimbilia nyuma, wakasema barua itapatikana kesho. Kesho haikupatikana.

Jambo la pili ni jina lake katika daftari. Iko sheria ya mawakala wa nyumba na ardhi ya mwaka 1984, ambayo ni Sura ya 533 katika sheria za Kenya. Sheria hiyo iliunda Bodi ya kuwaandikisha mawakala, na mtu asiyeandikishwa akifanya kazi hii avunja sheria. Wanachama wengi hawakupata kuisikia, na hata sisi tuliijua mwaka jana tu. Basi tukiambiwa na mtu kwamba yeye ni wakala, twamwomba jina lake kamili kama lilivyo katika kitambulisho na namba yake ya kuandikishwa, kisha twauliza kwa Bodi kama limo. Angalieni sana: jina la kampuni limeandikwa rangi nzuri juu ya mlango, lakini yule aliyewaonyesha nyumba huenda ni kijana wa mitaani aliyeahidiwa fungu kidogo. Ulizeni juu ya mtu mnayezungumza naye pia. Na tusidanganyane, kuandikishwa peke yake si utakatifu. Faida yake ni kwamba mtu aliyeandikishwa ana kitu cha kupoteza akikudhulumu, na wewe una mahali pa kupeleka mashtaka. Yule wa nguzo ya stima hana cha kupoteza ila kadi ya simu.

Jambo la tatu twalifanya sisi wenyewe na halina gharama. Twamwomba wakala majina ya watu watatu aliowauzia nyumba, nasi twakwenda kuwatembelea. Hatupigi simu, maana simu yaweza kupokewa na shemeji yake. Twakwenda mpaka mlangoni, twaomba maji ya kunywa, twauliza: Mliambiwa bei gani mwanzo, mkalipa gani mwisho? Hati ilitoka baada ya muda gani? Baada ya kulipa, wakala alipokea simu yenu tena? Swali hilo la mwisho ndilo lenye maana kuliko yote. Mama mmoja alitujibu kwa kucheka tu, nasi tukaelewa.

Sasa tugeuke upande wa kuuza, maana hapo hasara yaweza kuwa kubwa zaidi na mtu asijue kwamba ameibiwa. Yuko mzee wetu aliyestaafu, aliyekuwa na nyumba Nakuru, akataka kuiuza arudi kwao. Wakala akaja, akaitazama nyumba, kisha akauliza swali moja la upole: Mzee, wewe wataka ngapi mkononi? Mzee akafikiri, akasema milioni tatu mkononi. Wakala akasema, vyema, hizo utapata, na mimi sikudai hata senti moja ya ujira. Mzee alifurahi. Hata alituambia kwamba amempata mtu wa Mungu.

Nyumba ikauzwa, mzee akapewa 3,000,000, akaenda zake. Baada ya miezi minane mnunuzi alimpigia simu kumwuliza bomba la maji machafu lapita upande gani, maana limeziba. Katika kuzungumza akasema, kwa zile 3,600,000 nilizotoa, mzee, nilidhani bomba ni jipya. Mzee alinyamaza kwa muda. Katika mapatano iliandikwa 3,000,000. Zile 600,000 nyingine mnunuzi aliambiwa na wakala kwamba ni za kuikimbiza hati maofisini, akampa taslimu.

Tulizifanya hesabu hizo ubaoni, na ninyi zifanyeni. Kama mzee angepatana na wakala ujira wa 3 kwa mia, na nyumba ikauzwa 3,600,000, wakala angepata 108,000, na mzee angeondoka na 3,492,000. Basi ule ukarimu wa kutodai hata senti moja ulimgharimu mzee 492,000. Ndiyo sababu tunawaambia wazee wetu: mtu akiuliza wataka ngapi mkononi, msimjibu. Mwambieni kwanza yeye aseme nyumba yaweza kuuzwa kwa bei gani na aonyeshe kwa nini, kisha yeye adai ujira wake kwa hesabu ya mia, na yote yaandikwe. Ikiwa nyumba ni ya fedha nyingi, afadhali kumlipa mthamini aliyeandikishwa akupe bei kwa maandishi. Gharama yake itauma siku moja tu.

Wako mawakala wa namna nyingine tena, wanaosifu nyumba yako kupita kiasi. Ukiwaita watatu, wa kwanza atasema milioni tatu, wa pili milioni tatu na nusu, wa tatu milioni tano. Moyo wampenda yule wa tano. Unampa kazi, watia sahihi kwamba ni yeye peke yake mwenye ruhusa ya kuuza kwa mwaka mzima. Miezi yapita, hapana mtu anayekuja, majani yaota uani, naye aanza kukuambia ushushe, ushushe tena, mpaka milioni mbili na nusu. Kumpa mmoja kazi peke yake si vibaya. Mtu aliye peke yake hujitahidi. Lakini mpe muda mfupi, kama miezi mitatu, na karatasi iseme utakavyoweza kumwacha. Tulizisoma karatasi mbili za namna hiyo. Moja ilisema kwamba hata mwenye nyumba akimwuzia ndugu yake wa tumbo moja, wakala atalipwa vile vile. Mwanachama wetu alikuwa karibu kutia sahihi kwa sababu herufi zilikuwa ndogo na miwani aliiacha kazini.

Mtauliza, je, hakuna wakala mwema? Yupo. Mwenzetu wa tatu alimpata kwa kuulizauliza kanisani, mama mmoja wa makamo ambaye ofisi yake ni chumba kidogo juu ya duka la dawa. Siku ya kwanza hakutuonyesha nyumba yo yote. Alituuliza fedha tunazo ngapi na zatoka wapi, kama ni mkopo wa chama au akiba, na mkopo utatoka baada ya siku ngapi. Tuliona kama anatupeleleza. Kumbe alitaka kujua, asije akatupeleka kwenye nyumba tusiyoiweza tukapoteza arubuni. Kisha akatuambia waziwazi: Mimi nalipwa na muuzaji, kwa hiyo katika bei msinitegemee mimi, teteeni wenyewe. Neno hilo hatukupata kulisikia kwa wakala mwingine.

Alitutoza nauli tu ya kwenda kuona. Nyumba ya kwanza ilikuwa na rangi mpya kabisa. Tukasifu. Mama akasema, mwezi wa Aprili maji huingia jikoni. Njoni tena mvua ikinyesha, mwone. Tulikwenda tena siku ya mvua, tukasimama jikoni, na viatu vikalowa. Nyumba ile hatukuinunua, naye hakupata ujira siku ile. Nyumba ya pili aliyotuonyesha ndiyo mwenzetu anayokaa sasa na watoto wake. Fedha za arubuni hazikupita mikononi mwa mama yule hata kidogo. Zilikwenda kwa wakili, nasi tukapewa stakabadhi. Alipotaka kutuonyesha wakili alisema, huyu ni mmoja ninayemjua, lakini ni afadhali mtafute wenu. Tulifanya hivyo.

Hapo tusimame kidogo. Wakala akikutafutia nyumba, akakuletea wakili wake, akakufanyia upelelezi wa hati yeye mwenyewe, na fedha zikapita mfukoni mwake, basi mambo yako yote yako kwa mtu mmoja. Hata awe mwaminifu, ni hatari. Upelelezi wa hati, ile sachi, tuufanye wenyewe au wakili wetu aufanye. Kwa ardhi za Nairobi uko mtandao wa Serikali uitwao Ardhisasa, ulioanzishwa mwezi wa Aprili 2021. Na ziko ofisi za ardhi ambapo mtu hupeleka maombi mwenyewe. Utaambiwa ni nani mwenye hati, na kama imewekwa rehani benki, na kama kuna zuio. Karatasi ya sachi aliyokuja nayo wakala ndani ya bahasha yake, mshukuruni, kisha fanyeni nyingine.

Tena sachi peke yake haitoshi. Mwezi wa Novemba 2011 huko Syokimau nyumba za watu zilibomolewa, ikisemwa kwamba ardhi ni ya uwanja wa ndege, na wenyewe walikuwa wakionyesha makaratasi yao. Mwezi wa Oktoba 2023 zilibomolewa nyingine nyingi huko Mavoko katika ardhi ya kiwanda cha saruji, baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi ni ya kiwanda. Watu waliona vifusi vya nyumba za gorofa walizojenga kwa jasho. Kwa hiyo ulizeni majirani wa zamani, ulizeni mzee wa mtaa, ulizeni ardhi hii ilikuwa ya nani kabla ya huyu, na kabla ya yule. Na sisi watu wa reli tuna aibu yetu maalum: wako wanachama waliouziwa viwanja ndani ya akiba ya ardhi ya reli, karibu na njia wanayoitengeneza kila siku. Mpima ardhi angewaonyesha mipaka kwa asubuhi moja.

Ikiwa mnanunua shamba la kilimo, au kiwanja ambacho bado kinahesabiwa kuwa cha kilimo, lazima idhini ya Bodi ya Ardhi ya mahali pale ipatikane. Maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu mapatano, ama sivyo mapatano yenyewe ni bure kisheria. Wakala akisema, hilo tutalifanya baadaye mkijenga, msikubali. Ikiwa ni nyumba ya gorofa, ulizeni juu ya hati ya sehemu yako mwenyewe chini ya sheria ya mwaka 2020. Tusikubali kupewa barua tu ya mwenye jengo. Na mapatano ya ardhi ni lazima yaandikwe, yatiwe sahihi na pande zote mbili, na yashuhudiwe. Kushikana mikono mbele ya sahani ya nyama choma hakutoshi, hata kama mlikula wote.

Neno hili ni la mama zetu hasa. Tangu sheria ya mwaka 2013, nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mume na mke. Tumeona wakala akimwambia mwanamume, sahihi ya mama tutaitafuta. Itatafutwaje, na mama yuko jikoni hajui lo lote? Nasi tukinunua, twataka tumwone mke wa muuzaji kwa macho yetu, au mume wake, tusikie kwa kinywa chake. Mara moja tulipofanya hivyo mama alilia, tukajua nyumba ile haiuzwi, tukaomba radhi tukaondoka. Wakala alitukasirikia njia nzima.

Juu ya kodi tutasema kwa ufupi, maana wakala mara nyingi hunyamaza hapo. Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, 4 kwa mia katika miji na 2 kwa mia mashambani. Kwa nyumba ya milioni nne mjini hizo ni 160,000, nazo haziko ndani ya bei mliyopatana. Muuzaji naye hulipa kodi ya faida, ambayo tangu Januari 2023 ni 15 kwa mia ya ile faida, si ya bei yote. Lakini mtu aliyekaa mwenyewe katika nyumba yake miaka mitatu mfululizo kabla ya kuiuza amesamehewa. Mzee wetu wa Nakuru alikuwa amekaa miaka 11. Yule mtu wa Mungu alimkata 40,000, akasema ni za kodi hiyo.

Mzee amekubali tuyaseme haya mbele yenu ila jina lake tusilitaje. Shauri lake sasa liko kwa wakili, na mnunuzi amekubali kutoa ushahidi juu ya zile 600,000. Likiisha tutaleta habari.

Bwana Mwenyekiti, yamebaki mawili ya kazi. Halmashauri imekubali kwamba mwanachama ye yote anayetaka kununua au kuuza aweza kuleta barua ya wakala na karatasi nyingine kwa Katibu siku ya Jumatano jioni, nasi tutazisoma pamoja naye. Zileteni kabla ya kutoa fedha. Waliozileta baada ya kutoa fedha tuliwapa chai tu.

La pili, mwenzetu wa idara ya ishara anakwenda Jumamosi hii Athi River kutazama nyumba. Wakala amempa jina lake na namba, na barua ya mwenye nyumba tumeiona. Bado hatujawatembelea wale watu watatu. Twahitaji wawili wa kufuatana naye, wenye miguu mizuri, waandike majina yao kwa Katibu kabla hatujaondoka hapa. Treni ni ya asubuhi.